Somo: Kompyuta ya Kikundi Ikikataa Kuwaka



Mara nyingi tunafundishana juu ya kuku, mbegu na daftari la akiba. Leo tuzungumze juu ya kompyuta. Pengine mtu atasema, "Hayo ni mambo ya ofisi za Nairobi." La, si hivyo. Kuanzia Hola mpaka Garsen na Kipini, siku hizi si ajabu kukuta kikundi kina kompyuta moja ya mezani, mara nyingi iliyokwisha kutumika kwingine kabla ya kufika kwetu. Ndani yake mna majina ya wanachama, hisa, mikopo na kumbukumbu za mikutano. Siku ikikataa kuwaka, kikundi chote hukwama.

Somo hili halitakufanya uwe fundi. Litakusaidia kujua ugonjwa uko upande gani, ujue lipi unaweza kulifanya mwenyewe na lipi la kumwachia fundi, tena bila kudanganywa.

JAMBO TULILOLIONA

Tuliitwa na kikundi kimoja cha akina mama, si mbali na Garsen. Wana kuku, wanauza maembe, na huwekeana akiba kila wiki. Zilibaki siku 4 tu kabla ya mkutano wa kugawana faida ya mwaka, na kompyuta ikakataa. Fundi mmoja aliitazama kwa dakika chache, hata hakuifungua, akasema, "Madabodi imekufa. Leteni shilingi 14,000." Fedha hizo ndizo walizoweka za kununulia chakula cha kuku na dawa.

Lakini kulikuwa na baya zaidi. Daftari la karatasi lilikuwa limeachwa kwa miezi 5, maana "si tuna kompyuta?" Basi wengine wakaanza kunong'ona kwamba mama mweka hazina ameiharibu makusudi ili hesabu zisionekane. Mama huyo alikuwa amekaa pembeni ya mkeka, hasemi neno. Tulipomwuliza, "Mama, hebu tuambie, ilikuwaje?" alijibu, "Wanangu, mimi niliizima jioni vizuri kabisa. Asubuhi nikaiwasha, ikapiga kelele pi-pi-pi, feni ikazunguka, na kioo kikabaki cheusi."

Maneno hayo machache yalikuwa nusu ya kazi. Kwa nini? Tuendelee.

HATUA YA 1: ULIZA KABLA YA KUGUSA

Daktari mzuri humwuliza mgonjwa kwanza. Uliza: Iliwaka mara ya mwisho lini? Stima ilikatika ghafla? Kulikuwa na radi? Imehamishwa mahali? Kuna mtu aliyechomeka kitu kipya? Kisha iwashe, utazame na kusikiliza. Dalili ziko za aina 4:

(a) Kimya kabisa. Hakuna taa, hakuna feni. Tafuta katika njia ya stima.

(b) Taa inawaka na feni inazunguka, lakini kioo ni cheusi. Tafuta katika kioo chenyewe, waya wake, au ramu, yaani vibao vidogo vya kumbukumbu ya muda.

(c) Inaanza, inaandika maneno, kisha inakwama. Tafuta katika diski, betri ya saa, au flashi iliyosahauliwa.

(d) Inawaka vizuri, kisha inazimika yenyewe baada ya dakika chache. Tafuta joto, vumbi, au stima isiyotosha.

Sasa rudi kwa mama mweka hazina. Kompyuta yake ilipiga kelele. Madabodi, yaani kile kibao kikubwa kinachobeba vyote, ikiwa imekufa kabisa haiwezi kulia. Kelele zile ni kompyuta inayosema, "Nimejikagua, nimekuta kasoro." Kila kampuni ina hesabu yake ya milio, lakini milio inayorudiwarudiwa, huku kioo kikiwa cheusi, mara nyingi ni ramu. (Kompyuta nyingine hazina spika ya ndani, hivyo usishangae ikinyamaza.)

HATUA YA 2: FUATA NJIA YA STIMA

Wakulima wa mpunga wanajua. Maji yasipofika shambani, hatuanzi kulaumu mpunga. Tunaufuata mfereji kutoka mtoni, hatua kwa hatua, mpaka tuone mahali palipozibwa. Stima nayo ni hivyo hivyo.

Anza ukutani. Tokeni zimekwisha? Chomeka chaja ya simu katika soketi ile ile uone kama inachaji. Kisha jaribu ekstensheni. Kisha tazama waya unaoingia nyuma ya kompyuta: umekaa imara au umelegea? Badilishana na waya wa kioo, kwa kuwa mara nyingi zinafanana. Nyuma ya boksi nyingi kuna swichi ndogo ya kuwasha na kuzima. Mtoto au mfagizi anaweza kuwa ameizima. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi tumeinama chini ya meza nyingi tukakuta plagi imechomoka.

Angalieni sana! Boksi nyingine zina swichi nyekundu iliyoandikwa 115 na 230. Kenya tunatumia volti 240, kwa hiyo lazima ibaki kwenye 230. Sisi wenyewe, miaka iliyopita, tuliigeuza kwa kudhani tunasaidia. Ikalia paa! moshi ukatoka, na pawasaplai ikaungua. Tulilipa kwa fedha zetu, na hatujasahau.

Wanaotumia sola watazame invata. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake inaweza kula wati 100 hadi 200. Invata ndogo inayochaji simu na kuwasha taa itashindwa, au itaiwasha kisha ikate. Betri iliyochoka hufanya vivyo hivyo, hasa asubuhi na mapema kabla jua halijaijaza.

HATUA YA 3: KIOO NA MIZIGO

Kioo kina stima yake na swichi yake. Kama taa yake inawaka lakini hakionyeshi kitu, huenda hakipati habari kutoka kwenye boksi. Kaza waya pande zote mbili, au azima kioo cha jirani ujaribu.

Kisha punguza mizigo. Chomoa printa, flashi, spika na kila kitu, ubakize kibodi na kioo tu. Flashi iliyoachwa imechomekwa inaweza kuifanya kompyuta itafute programu zake humo, isizipate, ikasimama. Ikiwaka bila mizigo, rudisha kimoja kimoja mpaka umpate mkosaji.

HATUA YA 4: KUFUNGUA BOKSI

Kama bado, andaa bisibisi, brashi safi ya rangi isiyowahi kutumika, na raba ya kufutia penseli. Fuata kanuni hizi:

1. Chomoa waya wa stima kabisa, usiizime tu. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili umeme uliobaki uishe.

2. Gusa chuma cha boksi kabla ya kugusa kibao chochote. Miili yetu hubeba umeme mdogo ambao hatuusikii, lakini unaweza kuua ramu.

3. Pawasaplai, lile sanduku la chuma ambalo waya wa stima huingia, USILIFUNGUE KAMWE. Hata likiwa limechomolewa, ndani yake hubaki umeme wa kuweza kumdhuru mtu.

4. Kabla ya kuchomoa waya wowote wa ndani, piga picha kwa simu ili ujue pa kuurudisha.

Huku kwetu vumbi ni jingi, na wadudu hupenda pahali penye joto. Tumekuta utando wa buibui, sisimizi, mayai ya mijusi, na udongo wa nyigu uliojengwa karibu na feni. Safisha polepole kwa brashi. Feni zizunguke bila kukwama, maana zikikwama joto hupanda na kompyuta hujizima ili isiungue. Hiyo ndiyo dalili (d). Kule Kipini, karibu na bahari, tazama pia kutu kwenye meno ya viunganishi.

Sasa ramu. Sukuma vishikizo vya pembeni, kibao kitainuka. Sugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa raba, taratibu, pande zote mbili. Pangusa makombo. Piga brashi kwenye mfereji wake. Kisha kirudishe kwa kukibana mpaka vishikizo vifunge vyenyewe. Kama viko viwili, jaribu kimoja kimoja. Kimoja kikiwa kibovu, kingine kitaiwasha.

Hapo ndipo tulipofika kwa wale akina mama. Kibao kimoja kilikuwa na vumbi gumu kwenye meno yake. Tulisugua, tukarudisha, tukamwomba mama mweka hazina mwenyewe abonyeze. Ikalia pi moja tu, na kioo kikapata nuru. Gharama yake ilikuwa raba moja.

HATUA YA 5: BETRI YA SAA

Lakini haikuwa imekwisha. Ilisimama tena ikidai kubonyezwa kitufe, na tarehe ilionyesha mwaka 2009. Hiyo ni betri ya saa, ile ya duara kama sarafu, kwa kawaida imeandikwa CR2032, ya volti 3. Ikiisha, kompyuta husahau tarehe na mipango yake kila stima inapochomolewa. Kubadilisha ni kazi ya dakika 2, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na madabodi.

WAKATI WA KUSIMAMA NA KUMWITA FUNDI

Ukisikia harufu ya kuungua, simama. Ukiona kwenye madabodi vile vipipa vidogo vimevimba vichwa au vinatoa maji, simama. Kompyuta nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilipata ugonjwa huo duniani kote, kwa sababu vipipa vilitengenezwa vibaya. Ikiwa ni kimya kabisa na njia ya stima ni nzima, mwombe fundi ajaribu pawasaplai nyingine iliyo nzima kabla ya kuuziwa chochote.

Diski ikilia tak-tak-tak, izime mara moja. Usijaribu tena na tena. Hesabu zenu zimo humo, na kila unapoiwasha unazidi kuiumiza. Mwambie fundi hivi: "Kwanza toa kumbukumbu zetu, ndipo utengeneze." Asifute diski kabla hamjaona mafaili yenu yako salama kwingine.

Na fundi akisema kitu kimekufa, mwulize bila ukali: "Umejuaje? Umejaribu kingine badala yake?" Kuuliza si ujinga, na fundi mwaminifu atafurahi kukuonyesha. Kipande cha zamani mrudishiwe.

MVUA NA MAFURIKO

Mto wetu tunaujua. Mafuriko ya 1997 hadi 1998, ya 2018, na yale ya mwishoni mwa 2023 na mwaka 2024 yalihamisha watu wengi wa Tana River. Radi zikianza, chomoa waya ukutani. Weka kompyuta juu ya meza, si sakafuni. Ikiingia maji, usiiwashe hata kama inaonekana imekauka. Wengi huiwasha ili "kujaribu", na hapo ndipo inapoungua. Ipelekeni kwa fundi, naye aanze na diski.

DAFTARI LISIACHWE

Kule kwa akina mama, hesabu zilifunguliwa mbele ya wote. Zikasomwa jina kwa jina, na zikakubaliana na risiti. Mzee mmoja wa kijiji aliyealikwa alisema, "Basi, aliyenong'ona na aombe radhi." Wawili waliinuka wakampa mama mkono. Tunawaambia kweli, hilo lilitufurahisha kuliko kuwaka kwa kompyuta.

Lakini kama diski ingekuwa imekufa, ni nani angemtetea mama yule? Tangu siku hiyo wana kanuni tatu: kila mkutano huandikwa kwenye daftari kwanza, kila mwisho wa mwezi hesabu hunakiliwa kwenye flashi mbili, moja kwa katibu na moja kwa mwenyekiti, na ukurasa wa mwisho huchapishwa na kutiwa sahihi na watu watatu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kompyuta yetu ikikataa kuwaka leo, hesabu zetu tutazipata wapi?

2. Ni nani kati yetu, hasa vijana, wawili au watatu, watakaojifunza hatua hizi na kuwafundisha wengine?

3. Swichi ya 115 na 230 iko wapi kwenye boksi yetu, kama ipo? Nendeni mkaitazame, lakini msiiguse.

4. Chombo kinapoharibika, kwa nini twapenda kumtafuta mtu wa kulaumu kabla ya kutafuta chanzo? Tufanye nini ili hali hiyo isivunje kikundi?

Kazi ya nyumbani: kabla ya mkutano ujao, safisheni boksi kwa brashi, mkiwa mmechomoa waya, na mnunue raba moja ikae kwenye droo.