KUSIKIA KWA NGOZI: MPUMUO WA LAHAJA ZA PWANI NA USHIRIKIANO WA SIKIO NA MGUSO

1.0 Utangulizi

Makala hii yahusu namna milango miwili ya fahamu, yaani sikio na ngozi, inavyoshirikiana katika kutambua sauti za lugha. Kwa kawaida suala hili huachiwa wanasaikolojia na wataalamu wa ubongo. Dai letu ni kwamba linaihusu pia isimu ya Kiswahili, na kwamba lahaja za pwani, hususan Kimvita na Kiamu, zina data ambayo Kiingereza, lugha iliyotumika katika jaribio la msingi tutakalolijadili, hakiwezi kuitoa.

2.0 Kitenzi -sikia na mipaka ya ushahidi wake

Mtafiti wa Kiswahili anayeligusa suala hili hukimbilia kwanza kitenzi -sikia. Msemaji husikia sauti, husikia harufu, husikia baridi, husikia maumivu. Ni rahisi kuhitimisha kwamba lugha yetu ilikwisha kutambua tangu zamani jambo ambalo maabara zimeligundua juzi. Hitimisho hilo ni la haraka mno. Kwanza, Waswahili huona pia baridi, huona njaa na huona haya, wala hakuna anayedai kwamba njaa huonekana kwa macho. Pili, upana wa maana wa aina hii si wa Kiswahili pekee: kunzwa katika Kishona, ukuzwa katika Kizulu na kuwulira katika Kiganda vina tabia hiyo hiyo, na nje ya Kibantu hali kadhalika sentire ya Kiitaliano.

Hata hivyo, -sikia na -ona havilingani. Tuchukue sentensi: Nilisikia kitu kikinitambaa mguuni. Msikilizaji ataelewa kwamba ngozi ndiyo iliyotoa habari. Tukibadili kitenzi na kusema: Niliona kitu kikinitambaa mguuni, maana inayokuja mbele ni ya macho. Maana yake ni kwamba -ona hupokea hali za mwili, kama njaa na kiu, lakini -sikia hupokea mguso wenyewe. Kwa upande mwingine, minyambuliko huirejesha maana sikioni: kusikiliza, msikilizaji na usikivu havina habari na ngozi. (Mgonjwa aliyekwisha kumeza dawa na kusema “nasikilizia” ni mfano wa kuvutia wa kinyume chake, lakini matumizi hayo ni ya mazungumzo tu.) Semantiki, basi, yatuonyesha kwamba swali ni la kuulizwa. Haitupi jibu.

3.0 Sikio na ngozi maabarani

Kimaumbile, sikio na ngozi ni jamaa. Vyote viwili hugeuza msukumo wa kimakanika kuwa ishara ya neva. Sikio la kijana mzima hupokea mitetemo kuanzia takriban 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Ngozi haifiki mbali hivyo, lakini baadhi ya vipokezi vyake huwa vyepesi zaidi kwenye mitetemo kati ya 200 na 300 kwa sekunde, eneo ambalo sikio nalo lafanya kazi. Georg von Békésy, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961 kwa uchunguzi wake wa sikio la ndani, alitumia ngozi ya mkono kama kielelezo cha kuchunguzia jinsi sikio linavyofanya kazi.

Kwamba sikio laweza kuibadili ngozi kulionyeshwa waziwazi na Veikko Jousmäki na Riitta Hari mwaka 1998 nchini Finland. Washiriki walisugua viganja vyao, na sauti ya msuguano ikanaswa na kurejeshwa masikioni mwao papo hapo. Sauti za juu zilipokuzwa, washiriki waliihisi ngozi yao kuwa kavu kama karatasi, ilhali viganja havikubadilika. Sauti ilipocheleweshwa, athari hiyo ilipungua.

Kwa mwanaisimu, mwelekeo wa pili ndio wenye uzito zaidi: je, ngozi yaweza kulibadili sikio? Mwaka 2009 Bryan Gick na Donald Derrick, katika Chuo Kikuu cha British Columbia, waliwasikilizisha watu silabi za Kiingereza pa, ba, ta na da huku pumzi nyepesi ya hewa, isiyosikika kwa sikio, ikipulizwa kwenye mkono au shingo. Pumzi ilipoandamana na silabi, wasikilizaji walielekea zaidi kusikia pa na ta, hata pale iliposemwa ba au da. Pumzi iliyopitishwa kando bila kuigusa ngozi haikuleta athari hiyo. Baadaye watafiti hao hao waliona kwamba hata pumzi iliyopulizwa kwenye kifundo cha mguu huweza kuathiri usikiaji. Ni nani aliyewahi kuzungumza na mwenzake kwa kumpumulia mguuni? Matokeo haya yapunguza nguvu ya hoja kwamba athari hiyo ni mazoea tu ya kuhisi pumzi ya msemaji mkononi. Wakati nao una kanuni yake: pumzi inayofika nyuma ya sauti huvumiliwa kwa muda mrefu zaidi kuliko inayotangulia, jambo linaloafikiana na maumbile, kwa kuwa hewa itokayo kinywani husafiri polepole kuliko sauti.

4.0 Kwa nini lahaja za pwani

Katika Kiingereza, tofauti ya ba na pa mwanzoni mwa neno hubebwa na mambo mawili yaliyofungamana: ughuna na mpumuo. Jaribio la Kiingereza, kwa hiyo, haliwezi kutuambia kwa uhakika kama pumzi iliongeza mpumuo tu katika usikiaji au ilivuruga hukumu nzima ya ughuna.

Kimvita huyatenganisha mambo hayo. Kama walivyoeleza Tucker na Ashton (1942), vipasuo sighuna vina jozi: visivyo na mpumuo na vyenye mpumuo. Chimbuko la vyenye mpumuo katika maneno ya asili linajulikana: nazali ya ngeli ya 9/10 ilidondoka mbele ya kipasuo sighuna na kuacha mpumuo, ilhali mbele ya kipasuo ghuna ilibaki, kama katika mbuzi na ndege. Ndiyo maana paa la nyumba (ngeli ya 5) halina mpumuo, na phaa mnyama (ngeli ya 9) anao. Vivyo hivyo kaa la moto na khaa wa baharini. Tukiongeza baa, yaani janga, ambalo /b/ yake hutamkwa kwa kuvuta hewa ndani, tunapata utatu kamili: baa, paa, phaa.

Kutokana na utatu huu twaweza kutoa utabiri unaoweza kukanushwa. Ikiwa ngozi huchangia mpumuo peke yake, pumzi itamfanya Mmvita asikie mnyama pale iliposemwa sehemu ya nyumba, lakini haitaigeuza baa kuwa paa. Ikiwa baa nayo itayumba, basi mguso unagusa zaidi ya mpumuo, na maelezo yaliyopo hayana budi kurekebishwa.

Jaribio hili haliwezi kusubiri sana. Maandishi ya Kiswahili Sanifu hayaonyeshi mpumuo, na kwa wengi waliojifunza Kiswahili kama lugha ya pili tofauti hii haipo kabisa. Wahojiwa wanaofaa ni wale wanaoitenganisha jozi hii bila kufundishwa, na kila mmoja apimwe utamkaji wake kwanza kabla ya kupimwa usikiaji. Maneno yawekwe katika sentensi zisizo na upatanisho wa kingeli, kwa mfano Nimeona paa, maana ukisema paa hili umekwisha kulitoa jibu. Tena majibu yasiandikwe, kwa kuwa tahajia ni moja. Mhojiwa aonyeshe kwa kidole picha ya mnyama au ya nyumba. Utaratibu huo utawafaa pia wazee ambao masikio yao hayajapitia tahajia ya shuleni.