Shamba la Mikorosho Lisiuzwe

Barua ya wiki hii imetoka Gongoni, kaskazini ya Malindi, na aliyeiandika ametia sahihi "Mwalimu wa Fizikia". Ameanza na shikamoo, kama inavyopasa, kisha akamwaga yaliyomjaa:

"Shangazi, nina shahada ya uzamili ya fizikia na nafundisha sekondari ya binafsi. Kwetu ni Ngomeni. Nimekua nikiyaona yale majukwaa ya San Marco ya kurushia roketi baharini, nikatamani kusomea mambo ya nyota. Nimeomba nafasi za uzamifu ng'ambo hadi nimechoka. Wengine hawajibu, wengine wanasikitika. Chuo kimoja cha Uingereza kimenikubali, lakini bila ufadhili. Ami anasema tuuze shamba la mikorosho, na pesa zitakazopungua tufanye harambee. Tena kuna bwana mmoja Mombasa, anasema atanitafutia skolashipu nikimpa ada yake kwanza. Nifanyeje, na miaka yaenda?"

Shangazi anaitikia marahaba, na jibu lake la kwanza ni fupi: shamba lisiuzwe, na bwana wa Mombasa asipewe hata shilingi.

Katika fizikia, nafasi ya uzamifu isiyo na pesa ndani yake si nafasi. Marekani, kwa kawaida mwanafunzi wa ngazi hiyo halipi karo. Idara humpa posho, naye husaidia kufundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza au hufanya kazi katika mradi wa profesa. Ujerumani, Uholanzi, Uswidi na Norwe, nafasi nyingi hutangazwa kama ajira, zenye mkataba na mshahara. Uingereza mambo ni magumu zaidi. Tangu 2021 shirika la serikali linalogharimia utafiti, UKRI, limewafungulia wageni ufadhili wake, ila kwa jumla hawatakiwi kuzidi asilimia 30 ya wanaofadhiliwa. Kwa hiyo chuo chaweza kumpenda mtu, kikamwandikia barua tamu, na pesa zikawa zimeshagawiwa wengine. Akiamua kujilipia, atatozwa karo ya mgeni mwaka baada ya mwaka, juu yake kodi ya nyumba na chakula. Korosho za ami hazifiki huko, hata harambee ikijaa vipi.

Mwalimu ameambatisha nakala ya barua anayowatumia maprofesa. Inaanza hivi: "Nimeipenda fizikia tangu utotoni." Shangazi alipofika hapo aliguna. Si kwamba kijana anadanganya, ila sentensi hiyo kila mwombaji anayo. Barua hiyo hiyo, bila kubadilishwa hata nukta, imekwenda kwa mtaalamu wa nyota, wa leza na wa semikondakta. Profesa mwenye pesa amezipata kwa kazi maalumu aliyoahidi kuifanya, na anatafuta mtu wa kuifanya naye; mapenzi ya utotoni hayamsaidii. Mstari wa mwisho kabisa, karibu na sahihi, ndipo inapotajwa tasnifu ya uzamili: kijana alichanganua takwimu za mionzi ya jua kwa programu aliyoiandika mwenyewe. Hilo ndilo la kufungulia barua! Limefichwa uvunguni.

Mfano wa swali linalomsimamisha mtaalamu ni la Erasto Mpemba wa Tanzania, ambaye hakuwa na shahada yoyote. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona maziwa aliyoyatia kwenye friji yakiwa moto yakiganda kabla ya yale yaliyopoa. Walimu na wenzake wakamcheka. Baadaye alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza katika shule aliyohamia Mpemba, na Osborne akarudi kulijaribu jambo lenyewe. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, na wanafizikia wanabishania jambo hilo hadi leo. (Mpemba mwenyewe aliishia kwenye kazi ya wanyamapori, kwa hiyo asidhani mtu kwamba swali zuri pekee linampa mtu kiti chuoni.) Lakini lililomsimamisha Osborne ni swali mahususi ambalo jibu lake hakuwa nalo.

Mwalimu wa Gongoni naye anaweza kupata swali lake karibu na nyumbani. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, roketi ya Kimarekani ilirushwa na Wataliano kutoka majukwaa hayo anayoyataja, ikiwa na setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Setilaiti hiyo ikapewa jina Uhuru. Orodha yake ya nne, iliyotoka 1978, ina vyanzo 339 vya miale hiyo, na wanaastronomia bado wanaviita vingi kwa herufi 4U, yaani orodha ya nne ya Uhuru. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia 2002. La kumfaa kijana ni hili: data za Uhuru na za darubini nyingi zilizofuata zimewekwa wazi katika hifadhi ya NASA, bure. Achague chanzo kimoja cha 4U, apakue data zake, achore jinsi mwanga wake unavyopanda na kushuka, aandike kurasa chache. Profesa wa eksirei akipokea hizo kutoka pwani ya Ngomeni, atasoma barua hadi chini.

Kuna pia njia za kupitia kwanza. Kituo cha fizikia cha ICTP, Trieste, kilichoanzishwa na Abdus Salam mwaka 1964, kina diploma ya mwaka mmoja yenye gharama zilizolipwa, kwa vijana wa nchi kama yetu wanaojiandaa kwa uzamifu. Taasisi mshirika wake, EAIFR, iko Kigali, safari ya basi kwa mwenye mgongo mzima. Na Kenya ni mmoja wa washirika wa Kiafrika wa mradi wa darubini ya redio ya SKA, ambao Afrika Kusini imeutolea ufadhili kwa wanafunzi wa nchi hizo. Eksirei na redio si kitu kimoja, lakini mwenye kujua kuchanganua data huvuka.

Kilifi mjini pia asipadharau. Kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome kipo tangu 1989 na kimelea watafiti hadi uzamifu. Huko wanaokokotoa namna maradhi yanavyoenea hutumia hesabu ambazo mwanafizikia anazijua. Kama nyota ndizo zinazomnyima usingizi, basi na azifuate. Kama anachopenda hasa ni kukokotoa, aulize.

Wanaoomba Marekani wajue kwamba milango mingi hufungwa Desemba au mapema Januari, na chuo kikitoza ada ya maombi, mtu huandika akaomba asamehewe. Barua za mapendekezo za wahadhiri huchelewesha wengi. Mwalimu aziombe Septemba, awape wasifu wake na ile grafu ya 4U, kabla ya mitihani ya kidato cha nne kummaliza nguvu.