Somo la Kemia: Mkojo Unatuambia Nini?

Wanafunzi wenzetu, mu kiangazi huku Kasungami vumbi iko kila fasi. Tutajuaje kama metali ya udongo imeingia mu mwili? Tunapima mkojo.

Mashini ya spektrometri ya masi inapitisha mkojo kidogo katika gazi ya argoni yenye moto wa digrii zaidi ya 5 000. Kila kitu kinavunjika kuwa atomu zenye umeme. Kisha mashini inazitenga kwa masi na kuzihesabu: kobalti 59, shaba 63 na 65, uraniumu 238.

Mwaka 2009 wataalamu wa Universite ya Lubumbashi na ya Leuven, Ubelgiji, walitangaza vipimo vya watu 351 wa Katanga. Wenye kukaa karibu na migodi na viwanda vya metali walikuwa na kobalti nyingi kuliko raia wo wote waliopimwa mbele yao duniani. Watoto walizidi wakubwa.

Kumbe hata mtoto asiyechimba anaibeba: anacheza chini, anakula bila kunawa. Mashini inahesabu tu, haisemi nani atagonjwa. Basi, tunawe mikono mbele ya kula, na tunyunyize maji mbele ya kufagia darasa.