Mbao Zifaazo kwa Ngazi ya Nyumba

Huko Matasia, baina ya Ngong na Kiserian, nyumba za ghorofa zimezidi kuwa nyingi, na watu wengi hupenda kutiliwa ngazi ya mbao. Jambo hili ni jema. Lakini yampasa mwenye nyumba akumbuke kwamba ngazi si kabati. Kabati baya humwaibisha fundi tu. Ngazi mbaya humvunja mtu mguu. Kwa hiyo somo letu la leo ni namna ya kuchagua mbao.

Kwanza, mtarakwa. Wamasai huuita oltarakwai, na kila mwenye boma ajua kuwa nguzo yake haiozi upesi ardhini, wala mchwa hawaipendi. Basi wengine hudhani kuwa mti huu wafaa kwa kila kazi. Sivyo. Mtarakwa umepata sifa ulimwenguni kwa kutengenezwa penseli, maana huchongeka kwa wepesi na kupasuka kufuata nyuzi zake. Tabia hiyo ni njema kwa penseli, lakini ni mbaya kwa kidato, kwani ukingo wake hubanduka chini ya kiatu. Kustahimili mchwa ni jambo moja. Kustahimili miguu ni jambo jingine.

Pili, saipresi. Hupatikana kwa wingi, bei yake ni nafuu, na hurandwa vizuri. Lakini ni laini: pua ya kidato huliwa na viatu, na penye fundo kubwa ubao huweza kukatika.

Tatu, mkaratusi. Ni mgumu na mzito, lakini ukikaushwa kwa haraka hupinda na kupasuka. Usiununue ila umekwisha kauka na ungali umenyoka.

Nne, mvule. Huu ni mgumu, hautikisiki sana majira yabadilikapo, na kiini chake hakiliwi upesi na wadudu. Ila ni ghali, na mara nyingine una mawe madogo ndani yanayoharibu meno ya msumeno. Kabla ya kulipa, mwulize mwuzaji hati ya kusafirisha mbao zake, ili usije ukanunua mti ulioibwa msituni.

Mwenye fedha chache asikate tamaa. Atumie mvule, au mbao nyingine ngumu, kwa vidato vinavyokanyagwa na kwa mkono wa ngazi. Zile mbao za kusimama baina ya vidato, zisizokanyagwa na mtu, zaweza kuwa za saipresi. Kidato chenye upana wa futi tatu kisipungue unene wa inchi moja na nusu baada ya kupigwa randa.

Sasa twafika kwenye jambo kubwa kuliko yote: ukavu. Ubao mbichi wa mvule ni mbaya kuliko ubao mkavu wa saipresi. Ubao mbichi ukifungwa wakati wa mvua za masika, kiangazi kikifika husinyaa kwa upana wake. Misumari hulegea, na ngazi huanza kulia. Jaribio lake ni rahisi. Kata kipande kutoka katikati ya ubao, ukipime kwa mizani, ukiweke ndani ya nyumba mahali pakavu, kisha ukipime tena kila juma. Kikizidi kupungua uzito, ubao haujawa tayari. Zipange mbao kivulini, vijiti vikiwa kati yake ili hewa ipite, nawe ungoje.

Mwisho, hakikisha vidato vyote vina kimo kimoja. Mguu huzoea kipimo tangu hatua ya kwanza. Kidato kimoja kikizidi kwa inchi moja tu, mzee au mtoto atajikwaa gizani.

Wazee walisema, mpanda ngazi hushuka. Tumchagulie mbao njema, ili ashuke kwa miguu yake.