Tamoksifeni: Kutoka Kidonge hadi Jeni
Mgonjwa wa saratani ya titi amezapo kidonge cha tamoksifeni, kazi kubwa bado haijaanza. Dawa hufika kwenye ini, ambako vimeng'enya huibadilisha kuwa kemikali nyingine. Iliyo muhimu zaidi ni endoksifeni, ambayo hushikamana na kipokezi cha estrojeni kwa nguvu inayoweza kukaribia mara 100 ya ile ya tamoksifeni yenyewe.

Katika seli za saratani zenye vipokezi hivyo, estrojeni huwasha jeni zinazochochea seli kugawanyika, mojawapo ikiwa jeni ya protini iitwayo saiklini D1. Endoksifeni ikishika kipokezi, hukibadilisha umbo: protini zinazosaidia kuwasha jeni hukosa mahali pa kujishikiza, na zile za kuzima huchukua nafasi yao. Hivyo mgawanyiko wa seli huzuiwa.

Kimeng'enya kikuu kinachozalisha endoksifeni ni CYP2D6. Baadhi ya watu wamerithi aina yake yenye utendaji hafifu. Aidha, dawa za sonona kama paroksetini na fluoksetini hukizuia, na kiasi cha endoksifeni mwilini hupungua. Kwa hiyo, mhudumu wa afya aulizie dawa zote anazotumia mgonjwa, naye mgonjwa azitaje zote. Asiache yoyote kwa uamuzi wake mwenyewe. Daktari aweza kumchagulia mbadala.

Katika mfuko wa uzazi, hata hivyo, tamoksifeni huweza kutenda kama estrojeni. Mwanamke aliyekwisha koma hedhi akitokwa na damu ukeni, aende hospitali bila kuchelewa.