SOMO: TUTUNZE KUMBUKUMBU ZA JASHO LETU



Mwenye kiwanda hutunza vitabu vyake. Humo mna tani za miwa, magunia ya sukari, na hesabu ya vibarua. Lakini kibarua alitoka kijiji gani, aliumizwa na mashine gani, aligoma kwa sababu gani, hayo hayamhusu. Tusipoyaandika sisi, hakuna atakayeyaandika.

1. Tumetoka wapi?

West Nile iliingizwa Uganda mwaka 1914. Wakoloni walidai kodi ya fedha, na fedha vijijini zilikuwa haba. Vijana wa upande wetu wa Onduparaka, Arua na Koboko wakashika njia ya kusini kutafuta kazi. Kiwanda cha sukari cha Lugazi kilianzishwa 1924, na cha Kakira kikafunguliwa 1930. Walugbara na Waalur wengi walikata miwa huko. Utajiri wa sukari ya Uganda umejengwa kwa mikono yao pia, lakini majina yanayojulikana ni ya wenye viwanda.

2. Karatasi zimepotelea wapi?

Serikali ya Amin iliangushwa 1979. Vita vya 1980 na miaka iliyofuata viliwakimbiza watu wetu kwenda Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981 askari waliwaua raia waliokimbilia misheni ya Ombaci. Nyumba zilichomwa, na mikataba, picha na vyeti vya wazee vikaungua pamoja nazo. Kwa hiyo kilichobaki kiko katika masanduku machache na vichwani mwa wazee, nao wanapungua kila mwaka.

3. Wenzetu wamefanya nini?

Kenya, Makhan Singh alianza kuongoza chama cha wafanyakazi mwaka 1935. Serikali ya kikoloni ilimzuia kuanzia 1950 mpaka 1961. Alitunza karatasi za chama, na kwazo akaandika historia ya vyama vya wafanyakazi, iliyotoka 1969. Leo karatasi zake ziko Chuo Kikuu cha Nairobi.

Marekani, mwaka 1965, vibarua Wafilipino wa mashamba ya zabibu ya Delano, California, waligoma wakiongozwa na Larry Itliong. Siku chache baadaye Wachikano, yaani Wamarekani wenye asili ya Mexico, wakajiunga nao chini ya César Chávez. Walishinda mwaka 1970, na kumbukumbu za chama chao zimehifadhiwa Detroit. Hata hivyo, kwa miaka mingi Wafilipino walisahauliwa. Jumuiya zao ziliendelea kukusanya picha na masimulizi, na mwaka 2013 California ikapitisha sheria kwamba mchango wao ufundishwe shuleni. Tunajifunza kwamba hata ndani ya umoja, asiyetunza habari zake husahauliwa.

4. Kazi yetu ni nini?

(a) Kila tawi liwe na sanduku la bati, liinuliwe juu ya sakafu, mbali na mchwa na mvua.
(b) Tukusanye barua za kuajiriwa, karatasi za mshahara, kadi za chama na picha. Tutoe nakala, mwenyewe arudishiwe yake. Nakala ya pili ikae mahali pengine.
(c) Nyuma ya picha tuandike kwa penseli: nani, wapi, mwaka gani.
(d) Tuwarekodi wazee na akina mama kwa lugha wanayoizoea. Tuulize mshahara, chakula, nyumba, mnyapara, mgomo. Kwanza tuombe ruhusa. Anayeumia kuzungumzia vita asilazimishwe.

Haya si mambo ya zamani tu. Mfuko wa akiba ya wafanyakazi, NSSF, uliundwa kwa sheria ya 1985. Mwajiri akikata mshahara wako bila kupeleka fedha hizo, ushahidi wako ni karatasi ya mshahara. Aliyeitupa ataanza madai mikono mitupu.

Maswali ya kujadili tawini

1. Ni mzee gani kijijini kwenu aliyewahi kufanya kazi Kakira au Lugazi? Nani atakwenda kumsikiliza mwezi huu?
2. Karatasi zako za kazi ziko wapi sasa?
3. Nani atashika ufunguo wa sanduku, na nani atamkagua?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Na jasho letu ni mali.