Kabla ya kukwangua hudi, mtambo wa moto ufungwe

Wanaosafisha hudi za jikoni hufanya kazi usiku, majiko yakiwa yamezimwa na wapishi wamekwenda zao. Ndiyo maana mtambo wa kuzima moto unapofyatuka bila moto, anayekuwapo ni kijana aliye juu ya ngazi na mlinzi wa getini. Kimiminika kinamwagikia majiko, vikaangio na meza za kuandalia, gesi inakatika, na asubuhi wageni hawana chai. Lawama humwangukia aliyeshika kikwangulio. Hiyo si haki, kwa sababu mara nyingi kazi ilikuwa imeshaharibika kabla ngazi haijasimamishwa.

Ni vizuri kila msafishaji aujue mtambo wenyewe. Katika hoteli na migahawa mikubwa, iwe Dar es Salaam, Mombasa au Dubai ambako vijana wetu wengi wanafanya kazi hizi, mtambo ulioenea ni ule wa kimiminika. Ndani ya hudi, nyuma ya filta, hupitishwa waya mwembamba wa chuma uliokazwa. Waya huo unashikiliwa na viungo vidogo, kila kimoja kikiwa na vipande viwili vilivyounganishwa kwa risasi ya kulehemu. Moto ukiwaka, risasi inayeyuka, kiungo kinaachana na waya unalegea. Hapo springi iliyozuiliwa ndani ya boksi la ukutani inafyatuka na kutoboa kichupa cha gesi, na gesi hiyo inasukuma kimiminika kutoka kwenye tangi hadi kwenye nozeli. Vali ya gesi ya kupikia nayo inajifunga papo hapo. Kimiminika chenyewe ni chumvi za potasiamu zilizoyeyushwa kwenye maji. Zikikutana na mafuta yanayowaka, zinageuza uso wake kuwa povu zito la sabuni linalozuia hewa.

Kwa hiyo mtambo huu hauna namna ya kuutambua moto wenyewe. Unachotambua ni waya kulegea, na waya unaweza kulegea kwa sababu kumi. Kikwangulio kinagonga kiungo. Msafishaji anatafuta pa kujishikiza na mkono unatua kwenye bomba lililobeba waya. Filta inang'olewa kwa nguvu na kona yake inanasa. Mtu anavuta kishikio chekundu cha ukutani akidhani ni cha feni. Kiungo cha zamani, kilicholemewa na grisi na kuchoka kwa joto la miezi mingi, kinaachia kwa kuguswa tu. Ipo pia mitambo inayotumia mrija wa plastiki wenye presha badala ya waya, na mrija huo ukikatwa na ncha ya kikwangulio, matokeo ni yaleyale.

Watu hulaumu sana maji ya moto, lakini hapo inafaa kuangalia namba. Viungo vinavyofungwa juu ya majiko mara nyingi huyeyuka kwenye nyuzi 182 za Selsiasi au zaidi, na maji ya mashine ya presha hayafiki huko. Kinachovunja kiungo ni nguvu ya maji, hasa yakielekezwa moja kwa moja kutoka karibu. Ila vipo viungo vya nyuzi 74, na hivyo maji ya moto sana yanaweza kuviachanisha. Kiwango huwa kimechapwa kwenye kiungo chenyewe. Kisome, au mwombe fundi akusomee, kabla ya kuwasha mashine. Kostiki soda nayo inaweza kula risasi ya kiungo polepole. Kiungo kilichopuliziwa dawa leo kinaweza kuvumilia usiku huu, kisha kikaachia wiki tatu baadaye wapishi wakiwa kazini. Ndiyo sababu kanuni ya Marekani iitwayo NFPA 96, inayofuatwa katika nchi nyingi, inakataza dawa za kusafishia kupakwa kwenye viungo hivyo.

Kanuni hiyohiyo inasema jambo ambalo kampuni nyingi za usafi hulipuuza: mtambo usizimwe wakati wa kusafisha, isipokuwa na mtu aliyefunzwa na mwenye sifa. Mtu huyo ni fundi wa mtambo. Anafungua boksi, anaingiza pini ya kuzuia springi na kuondoa kichupa cha gesi, na kuanzia hapo kugonga waya hakumwagi kitu. Msafishaji asijaribu kufanya hivyo mwenyewe, hata kama ameona ikifanywa. Mitambo hutofautiana, na kuingiza mkono kwenye boksi lenye springi iliyokazwa ndiyo njia fupi ya kuifyatua.

Najua jibu la mameneja wengi: fundi ni gharama. Basi panga usafi wa hudi uangukie usiku wa matengenezo ya mtambo. Mtambo unatakiwa kukaguliwa kila miezi sita, na viungo hivyo vya kuyeyuka hubadilishwa wakati huo. Fundi akija jioni anaufunga mtambo na kutoa viungo vya zamani, wasafishaji wanafanya kazi yao, kisha anarudi kufunga vipya kwenye hudi safi. Kwa jiko la kazi ya wastani ratiba hiyo inatosha. Jiko la kuchoma kwa mkaa linahitaji kusafishwa kila mwezi, na lile linalopika usiku kucha kila miezi mitatu, hivyo huko fundi ataitwa mara nyingi zaidi. Hata hivyo mwito wake ni nafuu kuliko kujaza mtambo upya huku jiko limefungwa.

Kabla ya kupanda, gesi ifungwe kwenye koki kuu, umeme wa majiko ukatwe, na mafuta ya vikaangio yatolewe yakiwa yamepoa. Hili la mafuta nalisisitiza. Maji yakiingia kwenye mafuta ya moto yanachemka ghafla na kurusha mafuta nje, na aliye juu ya ngazi hana pa kukimbilia. Piga picha za nozeli na viungo vyote. Nozeli zihesabiwe pamoja na vifuniko vyake vidogo, kisha zifunikwe kwa nailoni. Sehemu zinazozunguka waya usizipige kwa presha. Zifute kwa mkono, kwa kitambaa na maji ya vuguvugu yenye sabuni.

Kazi ikiisha ndipo inapokuja hatari ninayoiogopa kuliko kumwagika kwenyewe. Mtambo uliomwagika unaonekana na kila mtu, lakini uliobaki na pini ndani hauonekani. Jiko litawashwa asubuhi, wapishi watakaanga viazi wakiamini wamelindwa, na siku mafuta yakishika moto hakuna kitakachotoka. Kwa hiyo msafishaji asiondoke kabla fundi hajarudisha kichupa, hajatoa pini na hajaandika tarehe kwenye kadi ya mtambo. Nailoni zote zitolewe kwa hesabu ileile ya mwanzo, na vifuniko vya nozeli viwe vimekaa mahali pake, kwani bila kifuniko grisi inaziba tundu. Meneja asitie saini kabla hajaonyeshwa pini mkononi mwa fundi.

Kama mtambo umefyatuka licha ya yote, usijaribu kuziba nozeli kwa mkono. Shuka taratibu, toka jikoni, uache uishe. Kimiminika hicho kinawasha macho na ngozi. Kikiingia machoni, osha kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 kisha nenda hospitali. Chakula chote kilichokuwa wazi kitupwe, pamoja na mafuta ya kikaangio yaliyofikiwa. Vyuma vikishapoa vioshwe siku hiyohiyo kwa maji ya moto na sabuni, mkiwa na glovu na miwani, kwa sababu chumvi ikikauka inashikamana na kula chuma. Jiko lisiwashwe mpaka mtambo ujazwe upya na fundi afungue vali ya gesi.

Na mpigie meneja simu usiku huohuo. Mkataba wa usafi useme mapema nani alipaswa kumwita fundi na nani atalipa mtambo ukimwagika. Pale gharama inapokatwa kwenye mshahara wa kibarua, kiungo kilichopinda hunyooshwa kwa koleo na kuachwa kimyakimya juu ya kikaangio.